Diski za Siwema Zimerudi na Vitumbua

Siwema, shoga yangu,

Nilitaka kuanza kwa "hujambo", kalamu ikagoma. Ungekuwapo ungenijibu, "Mimi sijambo, mgonjwa wewe na hicho kilemba chako," nami ningekutukana, na hapo tungekuwa tumekwisha kuamkiana. Basi nakusalimu kama wanavyosalimiwa walio kwenye makao ya haki. Mungu akupe kauli thabiti, akupanulie hapo ulipo. Baada ya hayo niache niseme nawe kwa namna ninayoijua, maana ulimi wangu haujapata adabu tangu uondoke.

Niko kibandani kwangu, cherehani nimeifunika. Juu ya meza ya kukatia nguo nimepanga diski, zangu na zako, na pembeni uko ule mkoba wa turubai niliokushonea. Msimu wa mashindano unaanza Jumamosi. Mzunguko wa kwanza uwanja wetu wa Mlingotini, halafu Dar, na watakaopona wanakwenda kumalizia Pangani. Tangu asubuhi natia na kutoa. Sare za watoto wa watu nimezichelewesha kwa ajili ya vipande vya plastiki, na jirani yangu muuza mkaa kila akipita ananitupia, "Mchagua jembe si mkulima." Nimemwambia akapime mkaa wake.

Kazi hii hatukuwahi kuifanya mmoja mmoja. Masika yakikatika tulikaa hapa hapa, wewe juu ya ndoo iliyopinduliwa, mimi kwenye kigoda, tukagombana mpaka chai ikapoa. Mimi nataka zangu zote ziingie, wewe unatoa. Mkoba wenyewe ulinilazimisha niushone mdogo. Ulisema nikishona mkubwa nitaujaza, na mtu mwenye diski nyingi akifika mbele ya kikapu hajui aiamini ipi. Nilinuna wiki nzima, nikaushona mdogo.

Mpaka leo nikieleza mchezo wetu watu wananicheka. Nawaambia ni gofu, ila badala ya kipira unarusha diski, na badala ya tundu unalenga kikapu chenye minyororo, na anayefika kwa mirusho michache ndiye mshindi. Wanasema, "Haya." Yule mgeni aliyeuleta shuleni kwenu Kerege alipokwenda zake, mchezo ulikubakia wewe, mwalimu wa michezo, ukamtafuta fundi wa kuchomelea akatutengenezea vikapu kwa rimu za baiskeli. Unakumbuka siku ya kwanza pale Mlingotini, mabaibui tumeyafunga viunoni? Vijana waliokaa kwenye gogo wakatupigia kelele, "Mashangazi, vyombo vimewakosea nini?" Ukarusha moja ikapita juu ya vichwa vyao, ikaingia kikapuni, minyororo ikalia, wakanyamaza. Ile ilikuwa bahati tupu, ukanikanya nisiseme.

Sasa nikueleze yaliyozipata diski zako.

Siku ya arobaini yako nyumba ilijaa hadi uani. Sikujua kama unapendwa na watu wengi hivyo, na nakiri nilikuwa na wivu kidogo, maana nilidhani wewe ni wangu na wa mama yako tu. Shangazi yako Mwanjaa alikuja mapema kutoka Makurunge, akafagia chumba chako, na chini ya kitanda akaukuta mkoba. Akafungua, akaona vitu vya plastiki vya rangi rangi, vina ukingo mzuri, vimeshika udongo. Akavisugua kimoja kimoja kwa sabuni na majivu, akavianika juani. Hitma ilipokwisha, ikawa wakati wa kuwapelekea chakula wazee na wagonjwa ambao hawakuweza kuja, na sahani zikapungua. Kilichofuata umekwisha kukijua.

Mimi nilikuwa jikoni nakaanga sambusa. Kuinua macho, namwona Bi Mkubwa anapita mlangoni, amejazwa visheti, amefunikwa kawa. Bi Mkubwa! Ile diski yako nyekundu, nzito, uliyoipa jina hilo kwa sababu upepo ukivuma haiyumbi, inakwenda na heshima zake. Nyuma yake Wifi, ile ya manjano inayokugeuka hewani bila kosa, kabeba kaimati. Siwema, nilicheka. Mbele ya watu waliokaa mkekani na juzuu mikononi, nilicheka mpaka nikakaa chini, na nikiwa hapo chini kicheko kikageuka kilio. Siku wanaume walipokuchukua, sisi tukabaki mlangoni, sikutoa hata chozi. Watu walisema Mwajuma ana moyo wa jiwe. Yote yalitoka siku ile, kwa sababu ya visheti. Nilipomweleza shangazi yako, akashika kiuno: "Mwanangu, mie nimeona sahani. Hazina vitako, zinayumba, nikasema ndizo za siku hizi." Alikuwa amezisugua vizuri kuliko tulivyowahi kuzisugua sisi.

Nikadhani kesho yake zitarudi. Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, na bado nikasahau kwamba sahani ya mwenzio hairudishwi tupu. Kila aliyepelekewa aliiosha diski yako, akaiweka juu ya kabati, akisubiri apate cha kuipakulia. Kabla hawajapata, Ramadhani ikaingia, futari zikaanza kutembea nyumba hadi nyumba, na diski zikatembea nazo. Aliyepewa na huyu akampelekea yule. Bi Mkubwa alikwenda Kerege na muhogo wa nazi, akapotelea huko. Idi ikaja ikapita. Nikaona nikikaa kimya msimu utafika mkoba ukiwa mtupu, nikavaa raba zangu nikaanza kuzisaka.

"Hodi, nimefuata sahani ya marehemu Siwema, ile ya plastiki isiyo na kitako." Kila nyumba jibu lilikuwa moja: "Karibu, kaa kidogo." Unanijua mimi na kukaa kidogo. Lakini hakuna aliyekubali kunirudisha mikono mitupu. Bibi mmoja wa Mlingotini, nyumba ya mwisho kabla ya mikoko, alinikalisha kizingitini mpaka vitumbua vikaiva, huku akinieleza jinsi ulivyokuwa ukipita na watoto wa shule wakikimbia, ukasimama mlangoni pake na kumpigia shikamoo kwa sauti ya mnadani ili aisikie kwa lile sikio lake zima. Akasema tangu ufe wanamwamkia kwa adabu, kwa sauti ndogo, na yeye hasikii kitu. Nilipoondoka nikamwamkia upya kwa kelele, akafurahi. Kerege mwalimu mwenzako alimrudisha Bi Mkubwa na korosho, akaanza kunisimulia habari zako, akashindwa, akaingia ndani. Korosho nilizimaliza njiani, sikumwekea mtu. Kimbelembele, ile diski yangu iliyobaki mkobani mwako, alikuwa kwa muuza samaki. Amerudi na vibua vya kukaanga, na mpaka leo nikimsogeza puani naona ndimu haikufua dafu. Nimenenepa, Siwema. Magauni yote nimeyaachia ubavuni.

Sikujua kwamba kuzifuata diski kutanifanya nikusikie upya. Kila mlango ulikuwa na Siwema wake ambaye mimi sikumjua.

Shuleni wameleta mwalimu mwingine wa michezo. Si mtu mbaya, ila kwake mchezo ni mpira wa miguu tu, na watoto wako wamebaki kurusha mifuniko ya ndoo uwanjani saa ya mapumziko. Wanarusha vizuri. Kule Mlingotini majani yalipanda mpaka magotini wakati wa masika, na kikapu kimoja kimeota kutu shingoni. Nimekipaka rangi. Nimekosea rangi, lakini nimekipaka.

Haya, mkoba. Bi Mkubwa ameingia, hilo halina mjadala, kusi limekwisha anza na mchana linasukuma kama lina deni la mtu. Wifi naye ameingia. Ndiyo, mimi, niliyekuwa nikimtoa kila mwaka ukimrudisha. Juzi nilikwenda peke yangu kujaribu ile njia inayopinda kulia baina ya minazi, nikarusha kila nilichonacho, vyote vikaugonga mnazi. Nikamrusha Wifi bila imani, akajigeuza kwa ubaya wake ule ule, akapita katikati. Nilitazama nyuma nikuone unavyotabasamu kwa maringo. Nyuma yangu kulikuwa na mbuzi wa watu.

Kimbelembele nimemwacha. Umesikia vizuri. Ile diski yangu ya mbali, nyembamba kama chapati ya bahili, niliyoipenda kuliko zote kwa sababu ikitoka mkononi watu wanasema "mmh". Ulikuwa ukiniambia mbio za sakafuni huishia ukingoni, nami nikikujibu kwamba una wivu wa mkono mfupi. Msimu uliopita niliirusha kule kwenye mikoko ikaingia topeni, na wewe ndiye uliyekunja baibui ukaifuata. Ukatoka nayo na kiatu kimoja. Ukacheza vikapu vyote vilivyobaki na mguu mmoja pekupeku, hukunilaumu, ulinitazama tu, na lile jicho nalikumbuka kuliko maneno. Kwa hiyo Kimbelembele atabaki nyumbani. Safari hii hakuna wa kuniingilia topeni.

Imebaki nafasi moja, ya diski ya kumalizia, ile inayotolewa mtu akishafika karibu na kikapu. Hapa ndipo nilipokwama tangu asubuhi.

Kumalizia hakujawahi kuwa kazi yangu. Mimi narusha mbali, wewe unatia, ndivyo tulivyogawana, na ndiyo sababu watu walituogopa. Mwaka jana ulipokuwa na homa nikakulazimisha ukae kivulini, nikatia mimi, nikakosa pale ambapo hata kipofu angepata, na Pangani ikatupita hivyo hivyo tukiitazama. Tukaapa, msimu huu liwe jua, iwe mvua, tutafika. Kisha ukaumwa kweli. Waandaaji wameniruhusu nicheze peke yangu mahali petu wawili, na mimi nilikwisha panga: nitarusha kwa mkono wangu, na karibu na kikapu nitamtoa Mwali. Mwali wako mweupe, uliyemwita hivyo kwa sababu hatembei mbali na nyumbani. Niliona nikiwa na yeye mkononi, mwenye kutia atakuwa wewe bado.

Mpaka juzi diski zote zilikuwa zimerudi isipokuwa yeye. Na alipo nilipajua tangu mwanzo, ila sikuwa na miguu ya kwenda.

Mama yako alikuwa hapiki. Nakwambia kama ilivyo, usinikasirikie. Yule Bi Hadija ambaye watu wa mitaa mitatu walikuwa wakituma watoto kufuata vibibi vyake vya mchele na nazi, tangu uondoke hakuwasha jiko. Majirani walikuwa wakimletea, vyombo vinarudi vimedokolewa tu. Shangazi Mwanjaa ndiye aliyeniambia kwamba siku ya arobaini, diski zilipokuwa zikipakuliwa, mama yako alinyoosha mkono akaichukua ile nyeupe, akasema hii haitoki. Tangu hapo, kama atakula chochote, atakula humo. Nilidhani naye ameona sahani kama wifi yake. La, alijua. Alikuwa akikuona uani jioni ukiirusha kwenye beseni la kufulia.

Jana baada ya alasiri nikajikaza. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba kwa sauti ya mbali. Nikakaa mkekani, nikazungumza habari za mvua, habari za bei ya vitambaa, habari za harusi ya watu nisiowajua. Mwali alikuwa kwenye stuli karibu yake, ana tende kidogo. Nikawa natazama kila mahali ila pale. Mama yako akaniacha nichoke, kisha akasema, "Mwajuma, nyumba zote umepita, ya kwangu umeiacha ya mwisho. Kuogopa nini?" Nikamwambia nimekuja kumjulia hali tu. Akasema, "Uso wako hauna pazia, mwanangu. Msimu si umefika?"

Akazila zile tende. Akaifuta diski kwa upindo wa kanga, ndani na nje, taratibu, akaninyooshea. Nami nikanyoosha mkono, Siwema. Nilikuwa nimeitaka kiasi hicho, sikuona haya.

Akairudisha kifuani. Akaitazama, akatazama upande wa jikoni, akasema, "Nikupe sahani tupu? Mie, mama yake Siwema? Watu waseme nini?" Nikamwambia mama haidhuru, mimi si mgeni. Akanijibu, "Haidhuru kwenu." Akasimama. Magoti yakalia, akashika ukuta, akaingia jikoni mwake.

Hamna unga. Akanituma dukani nikalete unga wa mchele, nazi na iliki. Nikakaa kwenye mbuzi nikakuna, akanigombeza kwamba naikuna nazi mpaka kwenye kifuu, nani kanifundisha, tui litaingia rangi. Aligombeza kwa sauti! Majirani walichungulia. Mimi niliinamisha kichwa kwenye mbuzi na machozi yakadondoka kwenye nazi, na kama tui lilikuwa na chumvi yeye hakusema. Tukasubiri unga uumuke. Akaniambia kila jioni alikuwa akikusikiliza akiwa ndani: diski ikiliza beseni alijua umepata, ikiwa kimya alijua umekosa, naye alikuwa akikuombea huku akichambua mchele. Akasema siku hizi jioni ni kimya kitupu, sikio linachoka. Nikamshika mkono, kisha nikawasha jiko.

Kibibi cha kwanza kikaharibika, kama kawaida ya cha kwanza. Akakitia mdomoni akiwa amesimama pale pale jikoni. Akala na kilichofuata. Nikajifanya nahangaika na mkaa.

Nikaja zangu nyumbani na Mwali mikononi, amejaa vibibi vya moto, amefunikwa kwa kanga ya mama yako. Nikala, nikamwosha, nikamlaza hapa mezani. Mkoba sasa ungetimia. Leo asubuhi nilimtia, nikafunga zipu, nikauvaa begani, na ulikaa sawasawa, uzito ule ule uliokuwa ukiulalamikia. Nikafungua nikamtoa. Nikamtia tena. Muuza mkaa anadhani nimerogwa.

Tatizo ni hili, shoga yangu. Mwali akienda nami Mlingotini, akaenda Dar, akaenda Pangani, mama yako atabaki na sahani za kawaida, ambazo hazimdai kitu. Lakini Mwali akirudi kwake ana chochote ndani, hatakubali hata siku moja aje kwangu mtupu. Yule mwanamke hakusimama kwa njaa wala kwa nasaha zetu, na nasaha tulimpa mpaka tukakauka. Alisimama kwa heshima ya sahani. Na kwa heshima hiyo atapika mpaka atakapozoea tena kupika.

Basi Mwali haendi kwenye mashindano. Nafasi yake nimemtia yule wangu wa buluu asiye na jina, ambaye amenikosesha vikapu tangu nimfahamu. Nimeandika, na sasa nimeona imeandikwa, na inaniuma. Pangani tuliiapia wawili na huenda nimeitupa peke yangu juu ya meza hii. Nakuona umekaa juu ya ndoo. Ungetoa hoja moja, mbili, halafu ungeniuliza mama amekula nini jana, na mimi ningekujibu vibibi, na mashauri yangekwisha.

Nimepika kashata za kurudishia. Upande mmoja zimeungua kidogo. Mama yako atanisema mpaka jua litue, na nakwenda makusudi nikasemwe.

Lala kwa amani, Siwema. Nakuahidi mambo haya, na unajua ninavyochukia ahadi: Jumamosi nitasimama mbele ya kila kikapu na mkono wangu huu mbovu, nitie mwenyewe, nikikosa nirudie. Yule bibi wa Mlingotini nitampigia shikamoo yake kwa kelele kila nikipita. Na Mwali hatalala kwangu zaidi ya usiku mmoja, awe na kashata, awe na muhogo, hata kama nitalazimika kujifunza kupika uzeeni.

Nilipokuwa nikimalizia barua hii mwenye duka amepita hapa kuchukua suruali yake. Ananiambia Bi Hadija alitoka mwenyewe asubuhi, kwa miguu yake, akanunua unga wa mchele. Akamuuliza kama ameniona, maana anasubiri sahani.

Wako,
Mwajuma